Henrietta Lacks: Mama aliyepoteza uzazi bila kuarifiwa

JINA la Henrietta Lacks linapotajwa, wengi hukumbuka seli za HeLa, zilizotolewa mwilini mwake bila idhini yake na ambazo zimekuwa zikizaana katika maabara za dunia tangu 1951. Si wengi wanaofahamu kwamba katika matibabu hayo hayo alipoteza kitu kingine ambacho pia hakuulizwa: uwezo wa kuzaa.

Alizaliwa Agosti 1, 1920 mjini Roanoke, jimbo la Virginia, Marekani, akaitwa Loretta Pleasant. Namna alivyokuja kuitwa Henrietta, hata jamaa zake hawakuweza kueleza.

Mamaye alifariki mwaka wa 1924 akijifungua mtoto wa kumi. Baba, aliyelemewa na malezi, aliwapeleka watoto kijijini Clover wakagawanywa miongoni mwa jamaa. Henrietta aliangukia mikononi mwa babu yake, Tommy Lacks, aliyeishi katika nyumba ya magogo iliyowahi kuwa makao ya watumwa.

Huko alikua akilima tumbaku pamoja na binamu yake, David. Alimzaa kifungua mimba wao akiwa na miaka 14, na Aprili 10, 1941 wawili hao wakafunga ndoa. Baadaye walihamia Turner Station, karibu na Baltimore, ambako David alipata kibarua katika kiwanda cha chuma cha Sparrows Point.

Watoto walifika watano. Wa pili, Elsie, alikuwa na ulemavu na hatimaye alipelekwa katika hospitali ya Crownsville, ambako mamaye alikuwa akimtembelea hadi maradhi yalipomzuia.

Januari 29, 1951, miezi michache baada ya kujifungua kitindamimba, Bi Lacks alifika katika Hospitali ya Johns Hopkins akilalamikia damu iliyomtoka ovyo. Alipokewa upande wa Weusi, kwani wakati huo wagonjwa walitengwa kwa rangi. Dkt Howard Jones alimpima, akakuta uvimbe kwenye mlango wa kizazi. Maabara ikathibitisha kuwa ni saratani.

Tiba ya wakati huo ilikuwa radiamu, iliyotiwa katika mirija midogo na kushonewa mahali penye uvimbe. Baadaye alielekezewa miale ya eksirei tumboni. Miale hiyo haibagui. Huua saratani, lakini pia huyateketeza mayai yaliyomo kwenye ovari na kuudhuru mji wa mimba.

Rekodi za hospitali zinaonyesha kwamba aliarifiwa hatazaa tena baada ya mambo kuharibika, naye akajibu kuwa angalielezwa mapema, hangalikubali kutibiwa.

Ni kweli kwamba kukataa kungalimharakishia kifo, wala mwaka huo hapakuwa na mbinu ya kuhifadhi mayai ya mwanamke. Hata hivyo, mwili ulikuwa wake na uamuzi ulistahili kuwa wake.

Alipokuwa akiwekewa radiamu, daktari mpasuaji alikata vipande viwili vya nyama, kimoja cha uvimbe na kingine cha sehemu nzima, vikapelekwa katika maabara ya Dkt George Gey. Seli za uvimbe ziliongezeka maradufu kila baada ya saa 24 hivi, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana. Kabla ya miaka mingi kupita zilikuwa zimetumiwa kuipima chanjo ya polio.

Mwenyewe hakupona. Alilazwa tena Agosti, maumivu yakiwa yamezidi, akafariki Oktoba 4, 1951 akiwa na umri wa miaka 31. Elsie alimfuata mwaka wa 1955. Familia ilikuja kujua habari za seli hizo katika miaka ya 1970, na kaburi la Bi Lacks lilikaa bila jiwe la jina hadi 2010.

Ajabu ni mkondo uliofuatwa na Dkt Jones. Mnamo 1978 yeye na mkewe, Dkt Georgeanna Jones, walihamia Norfolk, jimbo lile lile la Virginia alikozaliwa mgonjwa wake, wakaanzisha kliniki ya kutungisha mimba nje ya mwili. Desemba 28, 1981 alizaliwa Elizabeth Carr, mtoto wa kwanza wa Marekani kupatikana kwa njia hiyo.

Kutokana na ujuzi huo, mwanamke mwenye saratani leo anaweza kutolewa mayai kabla ya kuchomwa kwa miale, yakagandishwa yakiwa peke yake au baada ya kutungishwa. Mtoto wa kwanza kutokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka wa 1984. Kwa uvimbe ambao bado ni mdogo, Dkt Daniel Dargent wa Lyon, Ufaransa, alianzisha mnamo 1987 upasuaji unaoondoa mlango wa kizazi na kuuacha mji wa mimba. Ovari nazo huweza kusogezwa juu, mbali na miale.

Mnamo 2006 chama cha madaktari wa saratani Marekani kilitoa mwongozo unaowataka wanachama wake kuzungumzia suala la uzazi na mgonjwa kabla ya tiba kuanza. Ilikuwa miaka 55 baada ya Bi Lacks kuzikwa.

Ndani ya seli zake ndimo mwanasayansi Mjerumani, Harald zur Hausen, alimokuta virusi vya HPV aina ya 18 katika miaka ya 1980, ugunduzi uliofungua njia ya kupatikana kwa chanjo. Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 chanjo hiyo Oktoba 2019.