Carver: Mchoraji aliyeamua kusomea kilimo

Mwambie kijana wa Umoja au Kisauni akasomee kilimo, uone atakavyokuangalia. Kwake kilimo ni jembe, jua kali na matope ya ushago. Hebu basi sikia habari za George Washington Carver, ambaye mwili wake haukuweza kazi ngumu za shamba, lakini akawa mtaalamu wa kilimo aliyejulikana Marekani nzima.

Alizaliwa utumwani mnamo 1864 hivi, katika shamba la Moses Carver huko Diamond, Missouri. Akiwa bado mchanga, majambazi walimteka pamoja na mamake. Mtoto alirudishwa, mama hakuonekana tena. Utumwa ulipokomeshwa, Moses na mkewe Susan walimlea. Kwa vile aliugua kila mara, alipewa kazi za nyumbani: kupika, kushona, kufua. Muda uliobaki alishinda vichakani akichunguza mimea, hadi majirani wakawa wanamletea ile iliyougua aitibu.

Shule ya karibu haikuchukua watoto weusi. Akaondoka nyumbani angali mdogo, kwanza Neosho, kisha Kansas, akijilipia masomo kwa kupikia watu na kuwafulia nguo. Chuo kimoja kilimpa nafasi kwa barua, lakini alipofika na rangi yake ikaonekana, akafungiwa mlango. Wewe ungerudi shule? Yeye alirudi. Mwaka 1890 alijiunga na Chuo cha Simpson, Iowa, akasomea uchoraji na piano.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona anavyochora mimea kwa makini, akamshauri asomee kilimo katika chuo cha Ames, alikofundisha babake. Haikuwa rahisi, kwani Carver alipenda sanaa kwa moyo wote. Lakini 1891 alihamia Ames, akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi pale. Jicho la mchoraji likamsaidia kutambua kuvu wanaougonjesha mmea. Akapata shahada 1894 na uzamili 1896.

Mwaka huo huo, Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama, aongoze idara ya kilimo. Wakulima weusi wa huko walizama kwenye madeni, na udongo wao ulichoshwa na pamba ya kila mwaka. Carver akawafundisha kubadilisha mimea: baada ya pamba, panda kunde, njugu au viazi vitamu. Kunde na njugu hurudisha naitrojeni udongoni, na familia inapata chakula.

Na kwa wale wasioweza kufika chuoni je? Kuanzia 1906, chuo kiliwafuata mashambani kwa gari la kuvutwa na wanyama, likiwa limebeba vifaa vya mafunzo. Carver aliandika pia vijitabu vya lugha nyepesi. Cha 1916 kilieleza njia 105 za kuandaa njugu.

Kuna wanaosema ati ndiye aliyevumbua siagi ya njugu. Si kweli. Wala hakukimbilia pesa: alipata hataza tatu pekee maishani. Alifariki Januari 5, 1943, akiwa bado Tuskegee, na akiba yake akaiachia utafiti.

Sasa hesabu kazi alizofanya: mwalimu, mtafiti wa magonjwa ya mimea, mshauri wa wakulima nyanjani, mwandishi, mbunifu wa bidhaa. Zote ni kilimo, na zote zipo hapa Kenya. Kuna wanaoingia kwa shahada Egerton au JKUAT, na wengine huanza na stashahada Bukura, kisha wakapanda ngazi polepole. Carver mwenyewe alifika chuoni akiwa amechelewa, tena kupitia darasa la sanaa.

Kwa hivyo, kama unapenda kuchora, kemia au kupiga gumzo na watu, usikiruke kilimo kwenye fomu yako kwa sababu ya kuogopa jembe. Jembe ni kazi moja tu kati ya nyingi.