Henry Wallace na Kaunti 50 za Illinois

Mwalimu anayewafunza wanafunzi wake juu ya mahindi chotara huenda hana habari kwamba mmoja wa waasisi wa biashara ya mbegu hizo aliwahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Huenda pia hajui kwamba baadaye chama chake kilifungiwa mlango katika jimbo zima kwa sababu ya mahali walikoishi watu waliokitilia sahihi.

Henry Agard Wallace alizaliwa mwaka 1888 katika jimbo la Iowa, kwa jamaa ya wakulima na wahariri. Utotoni alifunzwa mambo ya mimea na George Washington Carver, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani. Akiwa angali kijana wa shule, alipanda mbegu za mahindi yaliyosifiwa kwa umbo lake, akapima mavuno, akabaini kuwa uzuri wa hindi hauongezi hata kibaba kimoja. Kampuni yake ya mbegu aliianzisha mwaka 1926. Roosevelt alimfanya Waziri wa Kilimo mwaka 1933, kisha akawa Makamu wa Rais kuanzia 1941 hadi 1945. Mwaka 1946 Rais Truman alimwachisha kazi ya Waziri wa Biashara kwa kuwa alipinga hadharani siasa kali dhidi ya Urusi.

Mwaka 1948 aligombea urais kwa chama kipya, Progressive. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake ya kukiingiza chama kipya kwenye karatasi ya kura. California pekee ilidai sahihi zaidi ya 275,000, nazo zikapatikana. Kutia sahihi kwenyewe kulihitaji moyo: gazeti moja la Pittsburgh lilichapisha majina na anwani za waliomuunga mkono, na katika siku zile za kuwasaka wakomunisti mtu angeweza kupoteza kibarua chake.

Illinois ilikuwa na mtego wa aina nyingine. Jimbo hilo lina kaunti 102. Sheria ilitaka sahihi 25,000, na miongoni mwazo zisipungue 200 kutoka katika kila mojawapo ya kaunti 50. Ilhali zaidi ya nusu ya wapiga kura waliishi katika kaunti moja tu, ile yenye jiji la Chicago. Kaunti 49 zenye watu wengi zilikuwa na asilimia 87 ya wapiga kura. Hata wote wangetia sahihi, wasingeweza kusajili chama. Lakini watu 25,000 tu kati ya asilimia 13 iliyobaki, wakitawanyika vizuri, wangeweza.

Msomaji wa Kenya ataitambua sura hii. Kifungu cha 137 cha Katiba yetu ya 2010 kinamtaka mgombea urais apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila mojawapo ya kaunti zilizo zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Nia yake naielewa, nayo ni njema: asitokee rais wa jamii moja. Hata hivyo, mzigo huo haumlemei mwenye helikopta kama unavyomlemea asiye na nauli.

Wallace alishindwa kortini. Tarehe 21 Oktoba 1948, siku 12 kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Juu iliidhinisha sheria ya Illinois, majaji watatu wakipinga. Truman alilinyakua jimbo hilo kwa tofauti ya kura 33,000 na ushei. Si haki kudai kwamba sahihi ndizo zilizomwangusha Wallace nchini kote, kwani aliambulia takriban asilimia 2.4 ya kura, na kusita kwake kujitenga na wakomunisti kuliwatisha wengi. Lakini katika majimbo ya kusini alikataa kuhutubia mikutano iliyowatenga weusi na weupe, akatupiwa mayai na nyanya, naye akaendelea na safari.

Alirejea shambani kwake kufuga kuku na kuzalisha mbegu, akafariki Novemba 1965. Mwaka 1969 Mahakama ile ile iliibatilisha sheria ya kaunti 50. Aliyeiandika hukumu hiyo alikuwa William Douglas, mmoja wa wale majaji watatu wa mwaka 1948.