Patrice Lumumba: karani wa posta aliyeunganisha wafanyakazi, na siku viongozi wawili walifukuzana kwa redio

Barabara kubwa ya Ibanda hapa Bukavu, ile yenye mabiro, mabanki na maduka mengi, inaitwa Avenue Patrice Emery Lumumba. Watu wengi wanaoipita wakienda kazini wanamjua Lumumba kama waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Wachache wanajua kwamba kwa miaka mingi alikuwa mfanyakazi wa posta, na kwamba maisha yake yanaonyesha vizuri namna kazi inaenda mbele watu wakiongea, na namna inavunjika wakiacha kuongea.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1925 kule Onalua, katika Sankuru. Alisoma kwenye shule za misioni, za Waprotestanti na za Wakatoliki. Akiwa kijana alitoka kwao akaenda Maniema, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya jimbo la Kivu, akafanya kazi Kalima kwenye kampuni ya madini Symétain. Mwaka 1944 akafika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akapata kazi ya serikali. Mwaka 1947 alitumwa kwenye shule ya posta kule Léopoldville, akarudi na cheti chake.

Katika mabiro ya wakati ule, wazungu na weusi walikuwa katika nafasi mbili mbalimbali. Mshahara haukuwa sawa, cheo hakikuwa sawa, na mfanyakazi mweusi mwenye lalamiko hakuwa na mlango wa kulipitishia. Lumumba aliona kwamba mtu mmoja akilalamika peke yake anaonekana mkorofi, lakini wengi wakiongea pamoja wanasikilizwa. Alisimama mbele ya chama cha wafanyakazi weusi wa posta wa jimbo la Mashariki, na akaongoza jarida lao, L'Écho postal. Kupitia jarida hilo karani wa posta ya mbali alipata habari za wenzake, na wakubwa wa kazi walisoma yale wafanyakazi walikuwa wanafikiri.

Hakuwa malaika. Mwaka 1956 alikamatwa juu ya pesa za posta, karibu franka 126.000, akahukumiwa na kufungwa. Alitoka gerezani mwaka 1957. Kisha akaenda Léopoldville kwenye kampuni ya Bracongo, kuuza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimzungusha baa kwa baa, akiongea na watu wa makabila yote, kwa sababu alijua Kitetela, Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Mwezi wa 10 mwaka 1958 chama cha MNC kikazaliwa, na yeye akawa kiongozi wake.

Lakini kuongea na watu wengi si sawa na kusikilizana na wenzako wa karibu. Mwezi wa 7 mwaka 1959 MNC ilipasuka. Ileo, Adoula na Kalonji waliachana naye, wakimlaumu kwamba anakata maneno peke yake.

Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960. Joseph Kasa-Vubu alikuwa rais, Lumumba waziri mkuu. Siku tano tu zilipita, na jeshi likaasi. Lilikuwa na askari karibu elfu 25, lakini maofisa wote walikuwa wazungu. Badala ya kusikiliza askari, Jenerali Janssens aliwaandikia kwenye ubao kwamba uhuru hautabadilisha kitu kwao. Hasira ikalipuka.

Hapo ndipo viongozi wawili walionyesha uwezo wao. Kasa-Vubu na Lumumba walipanda ndege moja, wakazunguka nchi kutuliza askari. Tarehe 12 mwezi wa 7, kisha Katanga kujitenga, walitia sahihi zao mbili chini ya telegramu moja ya kuomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Siku mbili baadaye, Baraza la Usalama likakubali kutuma askari. Telegramu ile ilikuwa na nguvu juu rais na waziri mkuu walisema neno moja.

Umoja huo haukudumu. Sheria ya msingi haikuwa wazi juu ya mipaka ya kazi ya kila mmoja, na watu wa nje pamoja na washauri walikuwa wanawavuta huku na huku. Usiku wa tarehe 5 mwezi wa 9, Kasa-Vubu alienda kwenye redio akatangaza kwamba amemfukuza Lumumba. Usiku uleule Lumumba naye akaenda kwenye redio ileile, akatangaza kwamba amemfukuza Kasa-Vubu. Wananchi, askari na hata wabunge walisikia ugomvi wa wakubwa wao kwa redio. Bunge lilijaribu kufuta maamuzi yote mawili, lakini ilikuwa imechelewa. Tarehe 14, Kanali Mobutu akawaweka wote wawili pembeni.

Matokeo yalifika mpaka hapa. Mwisho wa mwaka 1960, askari wa upande wa Lumumba walitoka Stanleyville wakaingia Bukavu, wakamkamata rais wa jimbo la Kivu, Jean Miruho. Lumumba mwenyewe, aliyekuwa amekamatwa mwanzo wa mwezi wa 12, aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Alikuwa na miaka 35.

Waliomuua walikuwa na sababu zao, na Ubelgiji imekubali sehemu yake ya lawama. Lakini mlango waliopitia ulifunguliwa na viongozi wenyewe, siku waliacha kukaa kwenye meza moja. Katika shule, hospitali au biro, mkubwa na msaidizi wake wanaweza kukosa kupatana. Wakimaliza neno kati yao kwanza, kazi inabaki. Mfanyakazi akisikia kwa watu wa nje kwamba wakubwa wake wamefukuzana, hapo kila mtu anachagua upande, na kazi inasimama.