Maisha ya Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, Aliyeyahesabu Maneno Kabla ya Kuyaandika

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Khalil bin Ahmad, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Farahidi, tumbo moja katika matumbo ya Azdi, na asili yao ni Oman, nchi ambayo majahazi yake yaliizoea pwani hii tangu zama za kale, na ambayo watu wengi wa Mvita, Lamu na Unguja wana nasaba nayo. Alizaliwa mwaka wa 100 wa Hijra (718), na Basra ndiko alikosoma, akasomesha, akafa. Yasemekana ya kuwa baba yake ndiye mtu wa mwanzo kuitwa Ahmad baada ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Kila mtoto aketiye chuoni anatumia kazi ya mkono wake asiijue: kabla yake irabu zilikuwa ni nukta za wino wa rangi nyingine juu na chini ya herufi, naye akaziondoa nukta hizo akaweka alama zijulikanazo mpaka leo. Dhumma ni wau ndogo, shadda ni kichwa cha shini, na hamza ni kichwa cha aini.

Alikuwa fakiri. Mwanafunzi wake Nadhri bin Shumayl amesimulia ya kuwa mwalimu alikaa katika kibanda cha matete huko Basra, hali hana hata fulusi mbili, na wanafunzi wake wakichuma mali kwa elimu yake. Sulayman bin Habib Al-Muhallabi, liwali wa Ahwaz, alikuwa akimpa posho, kisha akamtumia mjumbe aende akamsomeshee watoto. Khalil akamtolea mjumbe yule mkate mkavu, akamfahamisha ya kuwa maadamu anao ule hana haja na liwali. Posho ikakatwa. Khalil akamwandikia beti, na Sulayman alipozisoma aliona haya, akairudisha posho maradufu. Hapana shaka mtu mwenye njaa aliyekataa nyumba ya liwali hakukataa kwa kiburi. Alitaka wakati wake uwe wake, kwani mambo aliyokuwa akiyatafuta hayakuwa yakitafutwa na mtu mwingine.

La kwanza katika hayo ni arudhi. Imepokewa kuwa alipita soko la wafua shaba, akasikia nyundo zikigonga kwa mpango, akatambua ya kuwa mashairi nayo yana mapigo yawezayo kupimwa. Akawa akijifungia nyumbani akipiga mapigo ya beti kwa sauti, hata mwanawe akamwingilia, akatoka mbio kuwaambia watu ya kuwa baba ameingia wazimu. Katika wazimu huo zikatoka bahari 15 katika duara tano. Bahari ya 16 yanasibishwa na Al-Akhfash aliyekuja baadaye. Nawe, msomaji, uliyezoea kuhesabu mizani ya utenzi, zitazame vizuri duara hizo. Ukianzia duara mahali hapa hutoka bahari moja, ukianzia pale hutoka nyingine, na katika zitokazo mna bahari ambazo mshairi yeyote wa Kiarabu hakupata kuzitungia. Khalil hakuzificha. Alizitaja akaziita zilizoachwa, yaani zinazowezekana wala hazitumiki. Kutenganisha mambo mawili haya, lile liwezalo kuwa na lile lililokuwa, ndiko kuliko mtukuza.

Kwa njia iyo hiyo akaingia katika lugha. Alitaka kuyakusanya maneno ya Waarabu yote pasipotee hata moja, na kabla yake watu walikuwa wakikusanya kwa mafungu: maneno ya ngamia mahali pamoja, ya mvua mahali pengine. Mkusanyaji wa namna hiyo hajui lini amemaliza. Khalil akageuza kazi, akauliza kwanza ni maneno mangapi yawezayo kuwako. Herufi ni 28. Neno la herufi mbili, herufi yake ya kwanza yaweza kuwa yoyote katika 28, na ya pili yoyote katika 27 zilizobaki, na 28 mara 27 ni 756. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka wa 808 (1406), ameieleza hesabu hii kwa mlango mwingine: herufi ya kwanza huchukuliwa pamoja na 27 zilizo baada yake, ya pili na 26, ya tatu na 25, mpaka moja, na jumla yake ni 378, kisha huzidishwa mara mbili, kwani kila jozi yaweza kugeuzwa mbele nyuma, nayo ni 756 vilevile. Milango miwili ikifika nyumba moja, moyo hutulia.

Kwa herufi tatu zidisha mara 26, utapata 19,656. Kwa nne zidisha mara 25, ni 491,400. Kwa tano zidisha mara 24, ni 11,793,600. Jumla ya yote ni 12,305,412, na hesabu hiyo ndiyo aliyoipokea Hamza wa Isfahani kuwa ni ya Khalil. Maneno kama madda, yaliyokaririwa herufi, hayamo humo. Mwenye kuyataka na ayahesabu mbali.

Katika Kitabu cha Aini, kilichoitwa hivyo kwa kuwa kimeanzia herufi itokayo ndani kabisa ya koo, kila fungu la herufi hugeuzwa pande zote. Kafu, tee na bee zina mageuzo sita: kataba ni kuandika, kabata ni kufedhehesha, bataka ni kukata, na yaliyosalia mengine yana kazi na mengine hayana. Herufi nne zina mageuzo 24, na tano 120. Kitabu hiki yasemekana kilitimizwa Khurasani na mwanafunzi wake Layth bin Al-Mudhaffar, na wanavyuoni wamebishana sana kipi ni cha nani. Lakini mpango ni wa Khalil. Ukimpa mtoto vipande vitatu vya karatasi vyenye herufi hizo avipange hali amefumba macho, nasibu ya kutokea kataba ni moja katika sita. Ukimpa zote 28 atoe tatu mojamoja, nasibu hiyo yarudi kuwa moja katika 19,656.

Na katika kitabu hicho mna kanuni ambayo uzito wake hauonekani mpaka mtu ashike kalamu. Khalil ameandika ya kuwa neno la herufi nne au tano lisilokuwa na hata moja katika ree, lamu, nuni, fee, bee na mimu, si la Kiarabu, ila machache kama asjadi, yaani dhahabu. Lau maneno yangelitoka kwa nasibu, kama vipande vitolewavyo mfukoni, herufi zingine ni 22, na 22 mara 21 mara 20 mara 19 ni 175,560. Katika 491,400 hiyo yapita thuluthi. Kwa herufi tano hupatikana 3,160,080, nayo yapita robo. Basi palipotazamiwa thuluthi na robo, yakaonekana maneno ya kuhesabika vidoleni. Ikabainika ya kuwa lugha haikuundwa kwa nasibu, na neno lisilofuata kawaida hiyo lina dalili ya ugeni. Hesabu ya thuluthi na robo ni ya watu wa baadaye. Khalil aliijua kwa sikio na kwa kukusanya, na hilo ni ajabu zaidi.

Imesimuliwa tena ya kuwa aliletewa barua ya mfalme wa Warumi, akajitenga nayo mwezi mzima mpaka akaifahamu, kwa kukisia kwamba haina budi kuanza kwa jina la Mungu. Baada yake Al-Kindi, aliyefariki karibu na mwaka wa 873, alieleza namna ya kufichua barua za siri kwa kuhesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Yeye mwenyewe alihesabu herufi zaidi ya 3,600, akaona alifu ndiyo ya mbele na lamu ya pili. Nakala ya risala yake imeonekana Istanbul katika karne ya 20, nayo yahesabiwa kuwa katika maandiko ya kale kabisa ya elimu ya takwimu.

Mwisho wa umri wake Khalil alishughulishwa na jambo lililo dogo machoni pa wakubwa. Alitaka kuweka njia nyepesi ya hesabu, hata kijakazi atumwapo dukani muuza duka asiweze kumdhulumu. Mwenye kuliona hili ni dogo na awaulize wakulima wa pamba wa Usukuma, huko Bariadi na pande zake, ambako leo ni Mkoa wa Simiyu. Miaka ya 1940 walileta pamba yao kwenye mizani ya wanunuzi, wakarudi na manung'uniko ya kupunjwa. Mwanzo wa miaka ya 1950 Paul Bomani na wenziwe wakawakusanya wakulima wa Jimbo la Ziwa, wakaweka wapimaji wao wenyewe, na katika mambo hayo vikatoka vyama vya ushirika. Asiyejua kuhesabu mzigo wake huuza kwa hesabu ya mwenziwe.

Akili ya Khalil ilikuwa imezama katika hesabu ya kijakazi yule alipoingia msikitini Basra. Hakuiona nguzo iliyo mbele yake. Akaigonga kwa nguvu, akaanguka kwa nyuma, na hiyo ikawa sababu ya mauti yake. Wengine wamesema alikuwa akikata mapigo ya bahari. Mwaka wa kufariki kwake husemwa ni 170 (786), na husemwa ni 175 (791). Sibawayhi, mwanafunzi wake, alitia katika kitabu chake cha nahau mamia ya mambo aliyoyapokea kwake. Hesabu ya kijakazi haikuandikwa na mtu.