Girolamo Cardano: mcheza kamari aliyeandika kitabu cha kamari

Baadhi yenu mnaotusikiliza mmetuuliza kama kuna kitabu kizuri cha kumfundisha mtu kucheza karata za pesa, au kubeti, bila kufilisika: namna ya kutuliza akili na namna ya kulinda mtaji. Vipo vingi, na wengi wa waliovitunga hujisifu kwa ushindi wao. Sisi tumeona tuwasimulie maisha ya mtu aliyeandika juu ya mambo hayo zamani sana, na ambaye hakuwa na ushindi mkubwa wa kujisifia.

Girolamo Cardano alizaliwa mwaka 1501 mjini Pavia, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Fazio, alikuwa mwanasheria aliyependa hesabu, na alifahamiana na mchoraji Leonardo da Vinci. Wazazi hawakuwa wamefunga ndoa mtoto alipozaliwa, na jambo hilo lilikuja kumgharimu.

Alisomea udaktari Pavia, kisha Padua. Baba alifariki mwaka 1524 akaacha urithi mdogo, nao ukaisha haraka. Kijana akageukia karata, dadu na sataranji. Alijua hesabu kuliko wengi aliokaa nao mezani, kwa hiyo mwanzoni kamari ilimlisha. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa maoni yetu. Angeshindwa tangu siku ya kwanza, huenda angeacha.

Kuna kisa cha Venice alichokisimulia mwenyewe. Alikuwa akicheza karata nyumbani kwa seneta mmoja, akapoteza pesa nyingi, hata nguo. Siku iliyofuata akagundua kwamba karata zilikuwa zimewekwa alama. Akachomoa kisu, akamjeruhi mwenye nyumba usoni, akachukua pesa na kutoroka. Usiku huo, akiwa bado anajificha, aliteleza akaangukia majini, kwa maana mji ule una mifereji badala ya barabara. Waliomwokoa walimpandisha kwenye mashua, na ndani yake alikuwemo seneta yuleyule, uso umefungwa bandeji. Seneta hakumdhuru. Alimpa nguo kavu wakasafiri pamoja hadi Padua.

Chama cha madaktari cha Milan kilimkataa kwa sababu alizaliwa nje ya ndoa. Mwaka 1531 alimwoa Lucia Bandarini. Kazi haikutosha, akaendelea kucheza. Vito vya mkewe viliwekwa rehani, vikafuata vyombo vya ndani, na mwisho familia ikaingia katika nyumba ya maskini mjini Milan. Tunapousoma ukurasa huo tunamfikiria zaidi Lucia, ambaye hakugusa karata yoyote.

Aliinuka kwa kufundisha hesabu. Madaktari walimpokea mwaka 1539, na mwaka 1545 alitoa kitabu cha aljebra kilichomfanya ajulikane Ulaya nzima. Mwaka 1552 alisafiri hadi Scotland kumtibu Askofu Mkuu John Hamilton aliyesumbuliwa na kifua kama pumu. Alichunguza maisha ya mgonjwa, na miongoni mwa maagizo yake ni kuondoa matandiko ya manyoya. Askofu alipata nafuu, Cardano akarudi na dhahabu.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Alionyesha kwamba dadu mbili zikirushwa kuna matokeo 36, na jumla ya saba hupatikana kwa njia sita kati ya hizo, wakati jumla ya mbili ina njia moja tu. Dadu haina kumbukumbu. Haijui kwamba umepoteza mara tano mfululizo. Juu ya akili ya mchezaji, aliona kwamba hasira humfanya mtu acheze vibaya. Juu ya mtaji, alishauri dau liwe dogo. Alieleza pia hila za walaghai, kama karata zilizopakwa sabuni ili ziteleze na pete zenye kioo kidogo cha kuchungulia. Na aliandika wazi kwamba faida kubwa kuliko zote katika kamari ni kutocheza kabisa. Mwenyewe, kwa hesabu aliyoitoa uzeeni, alicheza sataranji zaidi ya miaka 40 na dadu kama miaka 25.

Mwanawe mkubwa, Giambattista, daktari kama baba, alimuua mkewe kwa sumu na akanyongwa... la, tuseme sawasawa: alikatwa kichwa, mwaka 1560. Mdogo, Aldo, alirithi karata. Mwaka 1569 alicheza hadi akapoteza nguo zake mwenyewe pamoja na pesa za baba, kisha akavunja nyumba ya baba na kuiba fedha na vito. Cardano alikwenda mwenyewe kumshtaki, na Aldo akafukuzwa mjini Bologna. Vito tena, kama vile vya Lucia, ila safari hii mzee ndiye aliyeibiwa.

Mwaka uliofuata Cardano alikamatwa na mahakama ya Kanisa kwa tuhuma za uzushi, akafungwa miezi kadhaa na kukatazwa kufundisha. Alihamia Rome, akaandika maisha yake, akafariki mwaka 1576. Kitabu cha kamari alikiacha bila kukichapisha. Kilitoka mwaka 1663, Pascal na Fermat walipokuwa tayari wamekwisha kuandikiana barua kuhusu hesabu hizohizo.