Tippu Tip: Mzanzibari aliyepewa jina na mlio wa bunduki

Ukipita Shangani, Mji Mkongwe, jirani na Africa House, utaiona nyumba kubwa ya zamani yenye mlango wa mbao ulionakshiwa. Watembeza watalii husimama hapo na wageni wao, wakaeleza kidogo, wakaendelea na safari.

Humo aliishi miaka yake ya mwisho Hamad bin Muhammad al-Murjebi. Dunia inamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyefika hadi ndani kabisa ya Kongo, akatawala huko kama mfalme.

Nguvu yake ilitoka kwenye bunduki, na bunduki hizo hizo zilikuwa udhaifu wake. Sehemu kubwa ya risasi, baruti na vyuma vya kutengenezea bunduki zilizoharibika ilitoka pwani, mwendo wa miezi kwa miguu.

Kijana wa Unguja

Hamad alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake, Muhammad bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa misafara aliyeweka makazi karibu na Tabora. Mama yake alitoka katika ukoo wa Waarabu wa Maskati.

Alianza biashara akiwa bado mtoto, akiuza sandarusi pwani. Alipofika miaka kama 18 akamfuata baba yake bara, na huko akajifunza kazi: kukopa mali Zanzibar, kuipeleka ndani, kurudi na pembe, kulipa deni, kukopa tena.

Mkopo ndio ulikuwa roho ya biashara yote. Mmoja wa waliomkopesha ni Taria Topan, tajiri Mhindi ambaye jina lake bado linahusishwa na jengo la Hospitali ya Zamani pale Mizingani. Bila matajiri wa namna hiyo, hakuna msafara ambao ungevuka kwenda Bagamoyo.

Vita vilivyompa jina

Mwaka 1867 alifika kwa Nsama, chifu wa Watabwa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru. Nsama aliogopwa sana, na misafara mingi ilikuwa ikimkwepa.

Tippu Tip na watu wake waliingia ndani ya boma la chifu kuonyeshwa pembe. Ghafla mishale ikaanza kuruka, naye mwenyewe akajeruhiwa. Watu wake wakajibu kwa bunduki, na boma likaanguka. Aliondoka na shehena kubwa ya pembe na shaba.

Waliokimbia vita hivyo walisimulia jinsi bunduki zake zilivyolia: tip, tip. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyoeleza asili ya jina lake. Wapo waliosema jina lilitokana na tabia yake ya kupepesa macho, lakini maelezo ya bunduki ndiyo yaliyoshika.

Mwaka huo huo alikutana na David Livingstone, akamsaidia chakula na vitu vingine. Baadaye alimsaidia Cameron, na mwaka 1876 akamsindikiza Stanley kupita Nyangwe kuingia msituni. Wazungu hao waliopinga biashara ya utumwa hawakuweza kusafiri bila msaada wa mfanyabiashara wa watumwa.

Bunduki zilitoka wapi?

Katika miaka hiyo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha. Magobori, yaani bunduki za kushindilia baruti kwa mbele, yalikuwa yakiachwa, na za viasi, zinazopakiwa kwa nyuma, zikichukua nafasi. Magobori yaliyotupwa yakauzwa rahisi kwa wafanyabiashara. Mengine yalitengenezwa makusudi kwa soko la Afrika, hasa mjini Liège, Ubelgiji.

Mengi yalipitia Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza visiwani alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita hapo kila mwaka.

Ziliitwa kwa namna zinavyowashwa. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi, ya gumegume kwa jiwe linalotoa cheche, ya fataki kwa kifuniko kidogo cha shaba kinachogongwa. Bunduki ya viasi ndiyo ilikuwa ya kisasa.

Kilimi kikivunjika

Gobori ni chombo rahisi, lakini sehemu moja ina kazi ngumu: mtambo. Ukivuta kilimi, kinasukuma kipande kidogo cha chuma kilichoshikilia nyundo. Nyundo inaachiwa, springi inaisukuma kwa nguvu, cheche inatoka, baruti inawaka. Kilimi kikikatika, au springi ikilegea, bunduki nzima inabaki kuwa gongo.

Shida yenyewe ni kwamba magobori mengi ya biashara yalitengenezwa kwa mkono. Kila mtambo ulipigwa tupa ukae kwenye bunduki yake tu. Huwezi kuchomoa kilimi cha bunduki hii ukakipachika kwenye ile kikafanya kazi hapo hapo. Lazima fundi akae na tupa, apunguze hapa, ajaribu, apunguze tena.

Mhunzi mzuri wa bara angeweza kufua kilimi kipya kwa chuma cha kawaida. Springi ilikuwa habari nyingine. Inataka chuma cha pua, kichomwe na kupozwa kwa kipimo, la sivyo inavunjika au inapinda. Njia nyepesi ilikuwa kubomoa bunduki mbovu ili kuokoa nzima.

Bunduki za kisasa kama Remington zilitengenezwa kwa mashine, kwa hiyo vipuri vyake viliingiliana. Lakini vipuri hivyo, pamoja na viasi vyake, vilitoka kiwandani ng'ambo. Gobori, kwa upande mwingine, lingeweza kulishwa hata risasi za kienyeji. Kule Katanga watu walifua risasi za shaba.

Kwa mtu mwenye makao Kasongo, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Unguja kwa mstari ulionyooka, hilo halikuwa jambo dogo.

Gavana wa Wabelgiji

Tippu Tip alirudi Zanzibar mwaka 1882, baada ya miaka kama 12 bara, akiwa na msafara mkubwa wa pembe. Sultani Barghash alimtaka arudi Manyema akalinde maslahi ya Zanzibar. Lakini Barghash hakuwa na jeshi la kutosha kumpa, na Wazungu walikuwa tayari wanagawana ramani.

Februari 1887 Stanley alifika Zanzibar na ofa mbili. Ya kwanza, Tippu Tip awe gavana wa Maporomoko ya Stanley, eneo la Kisangani ya leo, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ya pili, atoe wapagazi 600 kwa msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Akakubali.

Msafara wa Stanley ulibeba bunduki 510 za Remington na tani mbili za baruti. Na ni baruti iliyozusha ugomvi. Tippu Tip alidai kuwa aliyoahidiwa kwa ajili ya watu wake hakuipata. Wapagazi wakachelewa mwaka mzima, wakaja karibu 400 tu, na kundi la nyuma la msafara likateketea kwa njaa na maradhi. Stanley alimtupia yeye lawama.

Mlango unafungwa

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalisaini Mkataba wa Brussels kupinga biashara ya utumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Magumegume na baruti ya kawaida yangeweza kuruhusiwa. Serikali za kikoloni zenyewe ziliendelea kuleta silaha mpya kwa askari wao.

Matokeo yake yalionekana haraka. Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890 na kufika Zanzibar mwaka uliofuata. Mwaka 1892 vita vikalipuka kati ya Waarabu wa Manyema na jeshi la Leopold. Upande mmoja wengi walishika magobori. Upande wa pili askari walikuwa na bunduki za Albini za kupakia kwa nyuma, pamoja na mizinga ya Krupp.

Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa vitani mwaka 1893. Kufikia 1894 himaya yote ilikuwa imekwisha, na mali iliyobaki Kongo ikapotea.

Siku za mwisho

Hakurudi tena bara. Alibaki Unguja na mashamba yake. Inatajwa kuwa katika miaka hiyo ya 1890 alikuwa na mashamba saba na watumwa 10,000. Mwaka 1897 amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria ikatolewa Zanzibar.

Kwa kushawishiwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Yalichapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903, na ni kati ya tawasifu za mwanzo kabisa za lugha yetu. Anaandika kwa utulivu, kama mtu anayesoma daftari la hesabu: pembe kiasi hiki, vita pale, deni limelipwa. Waliouzwa na waliouawa hawapewi sauti humo.

Alifariki Mji Mkongwe tarehe 13 Juni 1905.

Mpaka leo jina lake linabishaniwa. Wapo wanaomwona msafiri hodari na mwandishi. Kwa wajukuu wa waliotolewa Manyema kwa minyororo, mlio ule wa tip tip ulikuwa ishara ya kukimbia.