Montagu Norman: Gavana aliyekataa kujieleza

Leo kompyuta zinazotumia modeli za lugha husoma taarifa za benki kuu mara tu zinapotolewa, zikipima kama maneno yake yanaashiria riba kupanda au kushuka. Enzi za Montagu Norman, taarifa za aina hiyo hazikuwepo.

Norman alizaliwa London mwaka 1871. Babu yake mzaa mama, Mark Collet, aliwahi kuwa gavana wa Benki Kuu ya Uingereza. Yeye alipigana Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, akarudi kwenye kazi ya benki, na mwaka 1920 akawa gavana. Alikaa madarakani miaka 24.

Hakupenda kueleza sababu za uamuzi wake. Alisafiri kwa jina la Skinner kuwakwepa waandishi wa habari, na wenye mabenki ya London walizoea kutazama nyusi zake kujua anachotaka.

Ukimya huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1925, kwa ushauri wake, pauni ilirejeshwa kwenye dhahabu kwa thamani ya kabla ya vita, dola 4.86. Makaa ya mawe ya Uingereza yakawa ghali ng'ambo, wachimbaji wakatakiwa kupunguziwa mishahara, na mwaka 1926 ukazuka mgomo mkuu.

Septemba 1931 Uingereza iliitenganisha pauni na dhahabu. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyofungamanishwa na pauni, ikashuka nayo. Norman alikuwa melini akitoka Kanada. Inasimuliwa kuwa alipelekewa telegramu ya fumbo kwamba bibi kizee anaondoka Jumatatu. Bibi kizee ni jina la utani la benki hiyo, lakini yeye alidhani ni mama yake anayekwenda likizo.

Fumbo kama hilo ndilo mtihani wa kompyuta za leo. Programu inayohesabu tu maneno mazuri na mabaya hukosea: kushuka kwa mfumuko wa bei ni habari njema, kushuka kwa ajira ni habari mbaya. Modeli za lugha hutazama sentensi nzima na muktadha wake.

Norman alistaafu mwaka 1944 na kufariki dunia Februari 1950. Tangu 1997, kamati ya sera ya fedha ya benki hiyo huchapisha kumbukumbu za vikao na kura za wajumbe. Kompyuta sasa zina cha kusoma, na mwananchi pia. Gavana akinyamaza, wote wawili hubaki kutazama nyusi.